Kinu mahali pa tanuru: strontiumu inafundisha nini Katanga?

Kila mara serikali inaposema madini yasitoke tena mabichi, jibu la makampuni linakuwa lile lile: "Umeme iko wapi?" Mwaka wa 2013, wizara ya Madini na ile ya Feza zilikataza kupeleka inje konsantre ya shaba na ya kobalti. Tunakumbuka vile ilikwenda: kiisha katazo, ruhusa ya muda, kiisha ruhusa ya muda, ingine tena. Sababu kubwa iliyotolewa ilikuwa upungufu wa umeme. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilifunga mlango wa kobalti yote, na kuanzia tarehe 16 Oktoba mwaka huo ikaweka kiasi ambacho inchi inaweza kuuza: tani 18,125 kwa miezi ya mwisho ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka wa 2026. Lakini ile ilikuwa vita ya wingi na bei. Vita ya kutengeneza madini hapa hapa nyumbani bado haijaisha, na neno la umeme lingali pale pale.

Ni juu ya hiyo leo tunaongea habari ya jiwe moja ambalo wengi mu Katanga hawajaliona kwa macho: jiwe la strontiumu. Kongo si mu hesabu ya inchi zinazolichimba. Basi kwa nini tupoteze karatasi? Kwa sababu watafiti wameonyesha kwamba jiwe hili, ambalo viwanda vinalichoma mu tanuru kali, linaweza kugeuzwa kwa kusagwa tu, bila moto. Mutu wa Likasi ao wa Kolwezi akisikia vile, lazima ajiulize: hii ni njia ya kutoka mu shida yetu, ao ni hadisi ya laboratware tu? Sisi tunaona jibu liko katikati, na linafaa kupimwa polepole.

Jiwe la buluu, unga mweupe

Strontiumu ilichukua jina lake ku kijiji cha Strontian, inchi ya Scotland. Mwaka wa 1790 daktari Adair Crawford alitambua kwamba jiwe lililotoka mu mgodi wa pale halifanani na mengine. Mwaka wa 1808 Humphry Davy, mu London, akaitenga metali yenyewe kwa nguvu ya umeme.

Kuna mawe mawili makubwa. Strontianiti ni kabonati ya strontiumu. Selestini ni sulfati ya strontiumu. Mara nyingi ina rangi ya mbingu, njo maana ikaitwa vile. Selestini njo inachimbwa zaidi: ku Granada mu Hispania, mu Irani, mu China, mu Mexiko. Lakini viwanda havihitaji sulfati. Vinahitaji kabonati, unga mweupe. Kazi yote ya kiwanda ni kutosha sulfati na kuingiza kabonati. Inaonekana kuwa kazi ndogo, lakini ni pale feza inapozaliwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa wale wanaosikia "strontiumu" na kushtuka. Ile ya hatari, strontiumu 90, inazaliwa wakati uraniumu inapopasuka mu kiwanda cha nyuklia ao mu bomu. Strontiumu ya jiwe la selestini si ile. Haitoi miali. Watu wa inchi ya Shinkolobwe wana haki ya kuuliza, na jibu ni hilo.

Unga huu unafanya kazi gani? Zamani ulikuwa mu kioo cha televizio, zile za mgongo mkubwa, ili kuzuia miali isimfikie mwenye kutazama. Televizio za bapa zilipoingia, soko hilo likaanguka. Leo uko mu sumaku nyeusi za bei ya chini, zile za bafle za muziki na za mota ndogo za gari. Uko mu fataki: ule wekundu mkali wa sikukuu ni strontiumu inayowaka. Na uko mu kazi moja inayotuhusu sisi: kusafisha zinki kwa umeme. Mu bafu la umeme wanamwaga kabonati kidogo ya strontiumu ili risasi inayotoka ku bamba za kiwanda isiingie mu zinki. Risasi inashikwa, inashuka chini, zinki inabaki safi.

Tushike jambo moja ambalo wanasiasa wetu wanalisahau. Mu ganda la dunia strontiumu ni nyingi kuliko shaba, na ni nyingi sana kuliko kobalti. Hata hivyo, mwaka wa 2020 Umoja wa Ulaya uliiweka mu liste ya malighafi zake za lazima, na mwaka wa 2023 ikabaki mule. Kitu kingi kinawezaje kuwa cha lazima? Ni kwa sababu mahali pa kulipata kwa faida, na viwanda vya kuligeuza, ni vichache. Wingi wa jiwe si utajiri. Mwenye kiwanda njo mwenye bei.

Njia ya moto

Njia inayotumiwa sana inaitwa njia ya jivu jeusi. Wanachukua selestini iliyopondwa, wanaichanganya na makaa, wanaiingiza mu tanuru linalozunguka, mu joto la digrii 1,100 hadi 1,200. Makaa yananyanganya oksijeni, na sulfati inakuwa sulfidi, kitu cheusi kinachoyeyuka mu maji ya moto. Wanachuja, uchafu unabaki, kiisha wanaingiza gazi ya kaboniki ao magadi ya soda mu yale maji. Unga mweupe unashuka.

Ni njia nzuri kwa usafi wa unga. Lakini inaomba makaa mengi, inatoa moshi, na ukitumia gazi ya kaboniki inatoka hewa ya yai bovu, ambayo inaua mutu ikiwa nyingi. Lazima ikamatwe na kutengenezwa. Kiwanda cha namna hii si kitu cha kusimamisha kwa mwaka mumoja.

Njia ya pili ni ya moja kwa moja: unaweka unga wa selestini mu maji ya moto yenye magadi ya soda, unakoroga. Kabonati ya strontiumu inayeyuka mu maji kidogo sana kuliko sulfati, basi sulfati inaelekea yenyewe kugeuka. Shida iko hapa: kabonati inayozaliwa inafunika punje ya jiwe sawa vile ukoko unavyofunika chini ya sufuria ya bukari. Ndani ya ule ukoko, jiwe la zamani linabaki salama. Kazi inapungua mwendo. Tena uchafu kama kalisi na bariumu unabaki pamoja na unga, ndiyo sababu usafi wake ni mdogo kuliko ule wa njia ya jivu jeusi.

Njia ya kinu

Sasa njo tunafika ku habari yenyewe. Je, kama tungekoroga kwa kupiga? Tukiweka selestini na magadi ya soda mu pipa la chuma lenye mipira mizito, tukalizungusha kwa nguvu, kila pigo la mpira linavunja ukoko, linafungua uso mpya wa jiwe, na kusukuma vitu viwili pamoja hadi vinabadilishana. Mwaka wa 2006 watafiti watatu, Abdullah Obut na İsmail Girgin wa Uturuki na Peter Baláž wa Slovakia, walitangaza kwamba selestini inageuka kabonati moja kwa moja mu kinu cha namna hiyo. Mwaka wa 2010 Nima Setoudeh wa Irani na wenzake wakatangaza jambo hilo kwa kusaga kukavu, bila maji. Baada ya kusaga, unaosha kwa maji: sulfati ya sodiumu inayeyuka na kwenda, unga wa strontiumu unabaki.

Elimu hii inaitwa mekanokemia, maana yake kemia ya kupiga na kusugua. Mama akienda ku mashini na mihindi anarudi na unga, lakini ni mihindi ile ile, imebadilika sura tu. Mu mekanokemia unaingiza kitu kimoja, unatosha kingine kabisa. Na si uvumbuzi wa jana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Theophrastus aliandika kwamba jiwe jekundu la zebaki likisagwa pamoja na siki mu kinu cha shaba, kwa mchi wa shaba, zebaki inatoka. Mu miaka ya 1890, Mmarekani Carey Lea alionyesha jambo la kushangaza zaidi. Kuna chumvi moja ya feza, ile metali ya kutengenezea pete, ambayo ukiipasha moto inayeyuka tu. Lakini ukiisaga mu kinu inavunjika, feza inatoka. Kwa hiyo pigo si joto lililojificha. Pigo lina kazi yake peke yake.

Tufanye hesabu, juu hesabu njo inatenganisha ndoto na mradi. Kwa tani 1 ya selestini safi unahitaji kilo 577 za magadi ya soda. Unapata kilo 804 za kabonati ya strontiumu, na kilo 773 za sulfati ya sodiumu. Hakuna makaa, hakuna moshi wa tanuru, hakuna hewa ya yai bovu. Ku karatasi, inapendeza.

Tusidanganyike

Lakini sisi tumezoea karatasi zinazopendeza. Tuangalie upande wa pili.

Jambo la kwanza ni umeme. Kusema "bila moto" si kusema "bila nguvu". Mu migodi mingi, kuponda na kusaga njo kazi inayokula umeme kupita zote. Kinu cha laboratware kinarusha mipira kwa nguvu nyingi kupita uzito wake wa kawaida, lakini kinabeba magramu, si matani. Kinu kikubwa cha kiwanda kinabeba matani, lakini pigo lake ni la polepole. Kupeleka kazi kutoka ku kidogo hadi ku kikubwa njo mahali mekanokemia nyingi zinakufa. Tena tanuru linaweza kula makaa, hata siku umeme umekatika. Kinu hakiwezi. Siku ya delestaji, kinu ni pipa la chuma tu.

Jambo la pili ni mipira yenyewe. Inapiga, inakwisha, na chuma chake kinaingia mu unga. Kama unga ni wa kioo, chuma kinaharibu rangi. Lakini kama ni wa sumaku, hakuna hasara, kwani sumaku ya strontiumu inatengenezwa na chuma kwa wingi: kwa atomi 1 ya strontiumu kuna 12 za chuma. Hapa tunajifunza kitu: uchafu wa mutu mumoja ni malighafi ya mwingine. Lazima kwanza ujue unamuuzia nani, kiisha uchague njia.

Jambo la tatu ni ile mizigo miwili ya pembeni: magadi yanayoingia na sulfati inayotoka. Karibu uzito sawa na ule wa unga wako unatoka kama chumvi mu maji. Sulfati ya sodiumu ina wanunuzi, mu sabuni ya unga na mu kioo. Bila mnunuzi, itamwagwa mu mto. Na sisi watu wa Lubumbashi na Likasi hatuhitaji kuelezewa mto uliomwagiwa maji ya kiwanda unafanana namna gani.

Jambo la ine ni mapafu. Kusaga kukavu kunatoa vumbi laini. Tunaona mu kandokando ya miji yetu mama na watoto wanaoponda mawe kwa nyundo, bila kitu cha kufunika pua. Kama kesho mutu analeta vinu vidogo mu mtaa na kusema ni teknolojia safi kwa sababu haina moshi, tumuulize: na vumbi? Usafi wa hewa ya mbingu hauoshi hewa ya ndani ya nyumba.

Na sisi?

Turudi nyumbani. Ku Kipushi, mgodi uliofunguliwa mwaka wa 1924 na kulala tangu 1993 uliamka tena. Konsantre yake ya kwanza ya zinki ilitoka mwaka wa 2024. Lile ni jiwe la ajabu, lenye zaidi ya asilimia 30 ya zinki. Lakini linatoka kama konsantre, halitoki kama metali. Na wazee wa Gécamines wanakumbuka kwamba zinki ya Kipushi iliwahi kusafishwa mu Kolwezi kwa umeme, hadi kazi ile ilipokufa mu miaka ya 1990. Basi sisi tuliwahi kuweza. Tukitaka kuweza tena, tutahitaji umeme, asidi, mabamba, mainjinia, na ule unga mweupe wa strontiumu, kwa kiasi kidogo, lakini wa lazima. Tutaununua wapi? Uchina njo mtengenezaji mkubwa. Ulaya ina kiwanda mu Bad Hönningen, Ujerumani. Hispania, inayochimba jiwe la Ulaya, inajua vizuri sana tofauti kati ya kuchimba na kutengeneza. Hata Wazungu kati yao wana hadisi yetu.

Mu jirani kuna vipande vya mchezo huu. Kenya ina ziwa Magadi, ambalo jina lake ni lile la magadi yenyewe, na linatoa magadi ya soda tangu zamani za ukoloni. Malawi ina kilima cha Kangankunde, ambapo strontianiti imekaa pamoja na madini ya ardhi adimu yanayotafutwa leo na dunia yote. Strontianiti tayari ni kabonati; haihitaji kugeuzwa, inahitaji kutenganishwa. Wakichimba ardhi adimu na kutupa strontiumu ku rundo, miaka makumi itapita kabla mutu hajarudi kulipepeta. Lubumbashi inajua hadisi hiyo: mlima mweusi uliosimama mjini ulikuwa takataka, kiisha siku moja ukawa mgodi.

Hatusemi Katanga iache shaba na kwenda kutafuta selestini. Soko la strontiumu ni dogo, na anayelitegemea peke yake anaweza kuanguka sawa vile lilivyoanguka lile la televizio. Tunachosema ni kingine. Sheria yetu inaomba madini yatengenezwe mu inchi, na jibu la mabishano yote linakuwa tanuru kubwa ama hakuna kitu. Kumbe kati ya tanuru kubwa na konsantre mbichi kuna ngazi nyingi. Kusaga laini sana kabla ya kutia asidi si ndoto: mu San Juan de Nieva, Hispania, na mu Nordenham, Ujerumani, viwanda vya zinki vimeweka njia ya namna hiyo, ambapo jiwe linasagwa mpaka linakubali asidi bila kuchomwa. Pale mekanokemia imetoka mu laboratware na kuvaa nguo za kazi.

Basi tunaomba mambo tatu, na hakuna hata moja linaloomba miujiza.

Mosi, kila kampuni inapoomba ruhusa ya kupeleka konsantre inje kwa sababu ya umeme, iandike hesabu: kilowati-saa ngapi kwa tani ku njia ya moto, ngapi ku njia ya kusaga na asidi, na kwa nini zote mbili zimeshindikana. Leo neno "umeme" linafunga mazungumzo. Hesabu ingeyafungua.

Pili, Fakulte Politekniki ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi ipewe jiwe la Kipushi na la Kolwezi pamoja na kinu cha majaribio, na matokeo yasomwe na wote. Vijana wanaotoka pale wanajua kuhesabu. Wanachokosa ni mahali pa kupima hesabu yao. Kinu cha majaribio si tanuru la mamilioni. Hata kikikosea, hasara yake inabebeka.

Tatu, mradi wowote unaoitwa safi uonyeshe mbele ya watu wa kijiji mizigo yake yote: kinachoingia, kinachotoka, na nani anakinunua. Kama kilo 773 za chumvi hazina mnunuzi, mradi si safi, umehamisha uchafu tu.

Wazee wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Lakini miaka tangu 2013 si haraka tena. Watafiti wa Uturuki, Slovakia na Irani walichukua jiwe ambalo kila mutu alisema lazima lichomwe, wakauliza swali la mtoto: lazima kweli? Swali hilo halikuomba umeme wa Inga. Liliomba mutu wa kuuliza na kinu cha kupimia. Sisi mawe tunayo, na vichwa tunavyo. Siku wizara itakapodai hesabu mahali pa neno moja tu, tutajua kama kweli umeme njo ulikosekana, ao kama ni nia.